Kumlisha Punda Vema kwa Mshahara Mdogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twasema jioni hii juu ya jambo ambalo wengine huliona dogo, yaani chakula cha punda. Wengi wetu tuna jamaa zetu katika vijiji vya Dodoma, Kondoa, Singida na kwingineko, na huko maji, kuni na mavuno hufika nyumbani juu ya mgongo wa mnyama huyu. Punda akidhoofika, mzigo wake hauondoki. Huhamia kichwani pa mama na watoto, na mtoto aliyetumwa kisimani asubuhi hufika shuleni amechelewa. Kwa hiyo habari hii si ya zizi tu, bali ni habari ya nyumba zetu.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba punda aliyekufa si rahisi kumpata wa badala. Ngozi za punda zilitafutwa sana kwa kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao, hata punda wengi wa Afrika wakachinjwa. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kukataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Katazo hilo ni jema, lakini halimlishi punda aliyefungwa uani. Kazi hiyo ni yetu.

Jambo la kwanza ni kujua tumbo la punda lilivyo. Ng'ombe hula upesi, kisha hulala akacheua. Punda hacheui. Majani humpita tumboni, na nyuma, katika utumbo mpana, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachusha na kuyageuza kuwa nguvu. Chakula hupita ndani yake upesi kuliko ndani ya ng'ombe, basi punda hupata riziki yake kwa kula kidogo kidogo muda mrefu. Akiachwa huru malishoni, aweza kula kwa saa 14 na zaidi katika mchana na usiku.

Sasa na tutazame desturi ya wengi. Mchana kutwa punda yu kazini. Jioni hufungwa kamba penye udongo mtupu mpaka alfajiri. Hata akiwa na mwenye huruma, muda wa kula hana. Pengine mwenyewe hununua pumba kwa fedha nyingi na kustaajabu kuwa mnyama hanenepi. Twaona kwamba dawa ya kwanza haigharimu hata senti: apumzishwe mchana apate kula, na usiku awekewe mabua mbele yake. Muda wa kula ni chakula kisichouzwa dukani.

Jambo la pili ni kipimo. Punda wengi wa kwetu, wakiwa wazima, huwa na uzito wa karibu kilo 150. Punda wa namna hiyo hutosheka kwa kilo 2 na robo hadi kilo 3 za chakula kikavu kwa siku. Farasi mwenye uzito sawa angehitaji zaidi. Katika nchi kavu ya kati, kiangazi huchukua kama miezi 7, yaani siku 210. Kwa kilo 2 na nusu kila siku, zahitajiwa kilo 525. Na kwa kuwa mashina magumu huachwa na mengine hukanyagwa, afadhali mtu aweke kilo 800. Hesabu hii si ya kutisha, maana shamba la mahindi likistawi huacha mabua yenye uzito unaokaribia ule wa nafaka yenyewe. Lakini mabua hayo huachwa shambani yakaliwa na mchwa au yakachomwa moto. Kisha mwezi wa Septemba twatafuta majani ya kununua! Yafaa yakatwe mara baada ya mavuno, yafungwe matita, na yawekwe juu ya uchaga penye paa.

Jambo la tatu ni kuchanganya. Mabua peke yake hujaza tumbo, lakini hayajengi nyama vya kutosha. Kwa kila mafungu matatu ya mabua, tutie fungu moja la majani makavu ya karanga, kunde au maharage. Majani haya hutupwa na wengi, nayo yana vitu vya kujenga mwili pamoja na chokaa ya mifupa. Punda afanyaye kazi nzito, au jike katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba yake ya karibu mwaka mzima, au anyonyeshaye, aongezewe kibaba kimoja au viwili vya pumba, na mashudu ya alizeti kidogo mahali yapatikanapo. Pumba zisizidi, maana zina fosforasi nyingi na chokaa haba, na mnyama alishwaye pumba nyingi siku zote mifupa yake hudhoofika.

Jambo la nne ni hatari. Watu husema, "Mahindi haya yameota ukungu, hayafai kwa ugali, mpeni punda." Hii si akiba. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumu iharibuyo ubongo wa punda na farasi, na mnyama akianza kuyumbayumba kwa ugonjwa huo hapana dawa ya kumponya. Kadhalika mtama mchanga, na machipukizi yake baada ya kukatwa, yana sumu kali. Mifuko ya plastiki huziba utumbo; kwa hiyo punda asiachwe jalalani. Tena chakula kisibadilishwe kwa ghafula, bali kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au mawili, ili vile vijidudu vya tumboni vizoee. Na punda mnene asinyimwe chakula mara moja, kwani mafuta ya mwili wake huweza kuingia kwa wingi katika damu yake akafa.

Maji nayo ni chakula. Punda huvumilia kiu kuliko wanyama wengi, na watu wamegeuza uvumilivu huo kuwa haki ya kumnyima. Mara nyingi debe moja kwa siku humtosha, nalo liwe safi, maana hukataa maji machafu. Jiwe la chumvi la kulamba halina gharama kubwa.

Mtu atajuaje kama amelisha vema? Asitazame tumbo, maana tumbo kubwa laweza kuwa la minyoo. Na apitishe kiganja ubavuni: mbavu zisikike chini ya vidole, lakini zisionekane kwa macho. Akifanya hivyo kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, ataona mapema kama yafaa kuongeza au kupunguza. Na punda adondoshaye majani aliyokwisha kutafuna aonwe na bwana mifugo, huenda meno yake yamekuwa marefu.

Ndugu zetu, wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini twauliza, ni fadhila gani tuliyompa? Kamba, fimbo na udongo mtupu si fadhila. Shilingi chache tulizo nazo zitumike kwa chumvi, mashudu na dawa ya minyoo. Mengine yote yamo mashambani mwetu, yangoja mikono tu. Mavuno ya mwaka huu yakiisha, kila mmoja na aandike barua nyumbani kwamba mabua yasichomwe.