Hodi kwenye Simu ya Mtoto



Leo twataka kutafakari pamoja nanyi swali ambalo wazazi hutuletea baada ya ibada, tena kwa sauti ya chini: je, ni halali mzazi kuipekua simu ya mtoto wake? Wengine hutuuliza wakiwa wamekwisha kuipekua, nao wanachotafuta kwetu ni baraka tu.

Swali hili limeongezeka tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na masomo yakawa yaja kwa simu. Watoto wengi walishika simu za wazazi wao wakati ule, na wengine hawajazirudisha hadi leo. Likizo ikifika, mwanafunzi wa bweni aliyekaa muhula mzima bila simu huishika asubuhi akaiweka usiku, naye mama jikoni hajui anazungumza na nani.

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 2, kuanzia mstari wa 41. Yesu ni mvulana wa miaka 12, na sikukuu ya Pasaka imekwisha. Yusufu na Mariamu wakatembea mwendo wa kutwa wakidhani kwamba yumo msafarani pamoja na jamaa zao. Hawakumfunga kamba mkononi. Walimwamini, nao waliwaamini wenzao wa safari. Lakini walipomkosa, hawakusema, "Atakuja mwenyewe." Walirudi Yerusalemu, wakamtafuta mpaka wakamwona hekaluni. Hapo mama yake alimwuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, akamwambia jinsi walivyohangaika. Jibu alilowapa hawakulielewa. Hata hivyo alishuka nao Nazareti, akawatii. Naye Luka anaongeza kwamba mama yake aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Moyoni, ndugu zangu, wala si kisimani mbele ya wanawake wa Nazareti. Neno hilo tutalirudia.

Wapo wazazi wasemao, "Simu niliinunua mimi, na bando naweka mimi, basi hakuna siri humo." Twawaelewa. Lakini hata nguo umemnunulia wewe, na bado humwingilii anapovaa. Mama aliyemwogesha mtoto wake wa miaka 2 hubisha mlango wa bafu mtoto huyo akifika miaka 12. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo kutoka ng'ambo. Sisi ni watu wa hodi. Hata mzee mwenye heshima zake husimama nje ya boma la jirani akangoja kuambiwa karibu. Tena tukumbuke kwamba jamaa nyingi mijini hulala katika chumba kimoja, pazia likiwa ndio ukuta. Mtoto wa nyumba hiyo hana kabati wala mlango wake. Simu ile ndiyo sanduku lake la pekee.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya mawili katika kitabu kimoja. Kifungu cha 31 chasema kila mtu ana haki ya faragha, pamoja na mawasiliano yake. Kifungu cha 53 chasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake. Mzazi hawezi kuchagua kifungu kimoja akauchana ukurasa wa pili.

Basi tufanyeje? Kwa mtoto wa miaka 9, sisi hatuoni shida yoyote. Simu hiyo na ikae sebuleni, nawe utazame naye. Ipo programu ya bure iitwayo Google Family Link, ambayo humwezesha mzazi kuidhinisha programu mpya, kupanga saa za kutumia simu, na kujua simu iko wapi. Haimsomei mzazi barua za mtoto, na mtoto mwenyewe anajua kwamba imo.

Ni jambo jingine kabisa kumwekea kijana wa miaka 16 programu ya upelelezi kwa siri. Tukiacha uaminifu kando, hata usalama wenyewe haupatikani. Mwaka 2018 kampuni moja ya California iitwayo TeenSafe, iliyowauzia wazazi njia ya kusoma ujumbe wa watoto wao, iligunduliwa kuwa imeacha wazi kwenye intaneti anwani za wazazi pamoja na maneno ya siri ya watoto. Tena ili programu hiyo ifanye kazi, wazazi walikuwa wametakiwa kuzima ule ulinzi wa hatua mbili. Walimfungulia mwizi mlango wakidhani wanaweka askari.

Kwa kijana, tunashauri makubaliano. Nambari ya kufungulia simu iandikwe, itiwe katika bahasha, ifungwe mbele yenu wote, iwekwe kabatini. Siku mzazi akiona sababu ya kweli (mtoto hali, halali, analia, ana fedha zisizojulikana zilikotoka), bahasha ifunguliwe mtoto akiwapo. Hii ndiyo hodi. Na wewe mzazi, nambari yako ya siri ya M-PESA usimpe mtoto akutumie fedha kwa kuwa miwani iko mbali.

Msituelewe vibaya. Hatari ipo. Wako watu wazima wanaojifanya vijana, wakamsifu msichana au mvulana majuma kadhaa, wakaomba picha, kisha wakaitumia picha hiyo kumtisha atoe nyingine au atoe fedha. Wanachotegemea ni kwamba mtoto ataogopa kuwaambia wazazi. Mtoto aliyetishwa kwamba simu itavunjwa ukutani hatasema. Akisema, msimpige, wala msifute ujumbe ule, kwa maana ndio ushahidi, upelekeni polisi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda, na nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Eli kuhani alisikia habari za wanawe kutoka kwa watu wote, akawakemea kwa maneno, asiwazuie. Hatutaki mzazi wa namna hiyo pia.

Sasa turudi kwa Mariamu. Tumewaona wazazi waliogundua jambo dogo katika simu ya mtoto, barua ya mapenzi ya kitoto tu, na kufika Jumapili mashangazi wote wamelisoma katika kikundi cha jamaa, na kikundi cha maombi kimepewa liwe ombi. Mtoto huyo atanunua simu ya pili kwa siri, na hiyo hamtaiona kamwe.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, yuko mtoto asikiaye sauti hii ambaye simu yake imelia sasa hivi, naye anaogopa kuitazama. Mpe nguvu aondoke kitandani, aende kwa mama yake au kwa baba yake usiku huu, wala asifukuzwe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.