Nani Hulipia Muda wa Mpakani?



Kiswahili kina kauli mbili kuhusu kungoja. Subira huvuta heri, husema anayekutaka ungoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hujibu anayengoja. Mimi leo nimesimama upande wa huyu wa pili. Dereva wa trela anayelala Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, usiku ambao hakuupangia anakula posho ya kesho, yeye na utingo wake, na tajiri wa gari hahesabu usiku huo kuwa kazi.

Tumezoea kusema wakati ni ukuta, kana kwamba ucheleweshaji ni kama mvua na jua. La hasha. Hata saa ya ukutani ni uamuzi wa watu. Mwaka 1930 Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu. Mwishoni mwa 1936 ikaongezwa robo saa. Leo ni saa tatu kamili. Ikiwa saa yenyewe husogezwa kwa amri, foleni nayo inaweza kusogezwa.

Na imewahi kusogezwa. Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Lori linaloelekea Uganda halisimami tena upande wa Kenya. Hupita moja kwa moja hadi ng'ambo, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja. Linalotoka Uganda hushughulikiwa upande huu. Ukaguzi wa mara mbili umekuwa wa kituo kimoja. Hilo ni jambo kubwa, na waliolifanikisha wanastahili shukrani.

Lakini Januari 2022 tulijionea jinsi faida hiyo inavyoweza kuyeyuka. Uganda ilitaka madereva wapimwe Korona mpakani, kwa ada ya dola 30. Madereva wakagoma. Malori yakajipanga kilomita nyingi kurudi nyuma kwenye barabara ya Bungoma, matangi ya mafuta yakiwa miongoni mwao. Petroli ikaadimika Uganda, bei ikapaa, na mwishowe ada ile ikaondolewa. Tazameni mpangilio huo: muda wa dereva ulikuwa ukipotea tangu mwanzo wa foleni, ila ulionekana kuwa na thamani pale tu mwenye gari dogo kule Kampala alipokosa mafuta. Hilo linanikera, nami sioni haya kulisema katika ukumbi huu.

Yuko pia mama anayevusha mayai, nyanya au nguo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea utaratibu rahisi kwa bidhaa za ukanda wetu zisizozidi thamani ya dola 2,000, akiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Lakini nyanya hazingoji cheti. Akishinda dirishani hadi saa nane mchana, soko limeshapoa na mzigo umelainika. Atauza kwa bei ya kutupa, na hasara hiyo haimo katika daftari lolote la forodha. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu: safari moja ikikwama, ya pili haipo siku hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, muda wa kuvuka upimwe tangu lori linapoingia kwenye foleni, si tangu karatasi zinapofika dirishani, na matokeo yabandikwe hadharani kila wiki, Busia na Malaba, kwa Kiswahili. Pili, mikataba ya madereva na matingo itaje malipo ya kila usiku wa kungoja. Tajiri akianza kuulipia usiku huo, atakwenda mwenyewe kuwauliza wakubwa kwa nini foleni haisogei.