Damu ya Tumbusi na Sindano ya Ng'ombe: Mada ya Semina ya Afya ya Wanyama, Mugango



Nimeombwa nieleze namna kemia ya damu inavyotumika kupima afya ya tumbusi wa porini. Jambo hilo linatuhusu: wenye ng'ombe ni sisi, na tumbusi anayelala Serengeti hajui mpaka wa hifadhi. David Houston, aliyewachunguza ndege hawa huko huko Serengeti miaka ya 1970, alionyesha kwamba huruka zaidi ya kilomita 100 kutoka kiotani kutafuta mizoga. Kwa mwendo huo Bunda, Butiama na Mugango zote zimo mezani pake. Tangu 2015 tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wamo katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni asidi ya yuriki, yaani taka ambayo figo za ndege huitoa badala ya yurea. Figo zikishindwa, asidi hiyo hupanda na kuganda kama chokaa juu ya moyo, ini na figo zenyewe: ni jongo la viungo vya ndani. Ndivyo walivyokutwa tumbusi wa Pakistani, na mwaka 2004 watafiti wakathibitisha kuwa chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyodungwa ng'ombe ambao mizoga yao waliila. India, Pakistani na Nepali ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini chupa kubwa za sindano ya binadamu ziliendelea kuingia mazizini, hadi India ikaagiza mwaka 2015 kila chupa isizidi mililita 3. Majaribio ya Afrika Kusini yameonyesha kuwa hata mgongo-mweupe wetu hufa kwa dawa hiyo, kwa kawaida ndani ya siku mbili hivi.

Sasa, je, tumbusi mwenye asidi ya yuriki nyingi ni mgonjwa? Hapa ndipo wengi hukimbilia majibu. Ndege mla nyama akishiba, asidi hiyo hupanda yenyewe kwa saa kadhaa, na huweza kufika kiwango cha kumtisha daktari. Kwa hiyo kabla ya kugusa sindano, papasa gole lake chini ya shingo. Likiwa limejaa, andika. Akitapika wakati wa kukamatwa, na hutapika kweli, kwa harufu ambayo nguo haisahau, andika pia. Andika na saa aliyonaswa, kwa sababu akipigana na wavu muda mrefu kimeng'enya cha misuli, kreatini kinasi, hupanda. Kimeng'enya kingine kinachodhaniwa kuwa cha ini hutoka misulini vilevile. Ukikisoma peke yake utamsingizia ndege ugonjwa wa ini kumbe amechoka tu.

Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa chini ya bawa. Kwa ndege wa kilo 5, mililita 3 hadi 5 zinatosha na hazimdhuru. Chupa yenye heparini huzungushwa kwa mashine mapema, plazma ikatengwa. Lakini msiimwage damu nzima yote mkabaki na plazma: madini ya risasi, yanayotokana na vipande vya risasi vilivyobaki kwenye mzoga wa mnyama aliyepigwa bunduki, hukaa ndani ya seli nyekundu. Na mkishuku sumu kama kabofurani, mnachopima ni kolinesterasi, kimeng'enya ambacho sumu hiyo hukishika. Sumu ya jamii hiyo hukiachia tena kimeng'enya hicho kadiri muda unavyopita, hata ndani ya chupa, kwa hiyo bila barafu majibu yanaweza kusema ndege alikuwa mzima.

Maoni yangu ni kwamba mashine ya bei kubwa isiwe ununuzi wa kwanza. Tuanze na viwango vya tumbusi wazima wa Serengeti Magharibi, wakubwa kwa wadogo, maana kinda anayekuza mifupa ana fosforasi ya juu kuliko mzazi wake. Watafiti wanaowakamata kuwafunga vifaa vya satelaiti, kwa kibali cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), waombwe wachukue mililita hizo chache. Maabara ya veterinari Mwanza haiko mbali.

Kwa upande wa zizi, meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ilijaribiwa kwa tumbusi ikaonekana salama. Ketoprofeni haiko salama, ingawa nayo huuzwa kama dawa ya maumivu. Kwa hiyo kusema tu "ng'ombe alichomwa sindano ya maumivu" hakutusaidii; jina la dawa na tarehe viandikwe daftarini.

Naomba kikundi cha pili kianzie hapo: daftari hilo atalishika nani, na ng'ombe aliyekufa siku mbili baada ya sindano azikwe wapi wakati wa masika, mbuga zikiwa zimejaa maji?