Gari lina madoa, lakini mwosha gari hana kosa

Leo nataka kuzungumzia madoa. Si madoa ya tabia, hayo yana wahubiri wake. Nazungumzia vile vidoa vyeupe vya duara vinavyobaki juu ya boneti baada ya gari kuoshwa na kukaushwa na jua. Mwenye gari jeupe anaweza kumaliza miaka asivione. Mwenye gari jeusi, au la buluu iliyokoza, anavijua sana, na aghalabu anamjua pia wa kumlaumu: kijana aliyeshika ndoo.

Mwishoni mwa kiangazi nilikuwa Kabungu, nje ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Pale kando ya barabara nikashuhudia ugomvi wa namna hiyo. Dereva ametoka safari, gari limekuwa jekundu kwa vumbi. Kijana akaliosha likang'aa. Dereva akaenda kula kwa mama ntilie, na jua nalo likafanya kazi yake. Aliporudi akakuta gari lina vidoa kila mahali, kama limenyunyiziwa maziwa.

"Mdogo wangu, hii siyo kuosha, hii ni kupaka chokaa," akasema, akatoa nusu ya malipo.

"Kaka, nimesuuza mara mbili," kijana akajibu. "Ulitaka nisuuze mara ngapi?"

Dereva hakujibu. Akawasha gari akaenda zake. Jibu lenyewe ni kwamba hata kijana angesuuza mara kumi, madoa yangekuwapo, kwa sababu yalitoka katika maji yale yale ya kusuuzia.

Maji yanapopita ardhini huyeyusha madini ya mawe na udongo: chokaa, magnesi, silika na chumvi za namna nyingine. Huyaoni, kwa kuwa yameyeyuka kama sukari katika chai. Tone likikaa juu ya bati la moto, maji yanapaa na madini yanabaki. Mama mwenye birika la siku nyingi anaujua ule ukoko mweupe wa ndani. Doa la gari ni ndugu yake. Watu wa reli nao waliujua. Tawi la reli kutoka Kaliua lilipofika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya machimbo ya risasi, garimoshi la wakati ule lilikuwa la mvuke, na popote palipokuwa na garimoshi la mvuke, gamba la maji magumu ndani ya bwela lilikuwa adui wa kudumu.

Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Kwa hiyo usiulize jirani, jaribu mwenyewe. Dondosha matone machache ya maji yako juu ya kipande cha kioo kisafi, kiweke juani, kisha kitazame. Pakibaki duara jeupe, umekwisha kupata habari zako. Na kama sabuni inagoma kutoa povu, hiyo ni dalili nyingine.

Sasa nije kwenye biashara. Wapo wenye magari, na hasa wenye vituo vya kuoshea magari mijini, wanaosikia kwamba nchi za wenzetu gari husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa, likaachwa likauke lenyewe bila doa. Habari hiyo ni kweli. Lakini jamani, neno "kichujio" limebeba mambo mengi mno. Kichujio cha kitambaa au cha mshumaa wa udongo huzuia takataka na tope. Kichujio cha mkaa huondoa harufu na klorini. Vyote viwili vinapitisha chokaa iliyoyeyuka kama mlango ulio wazi. Ukiuziwa kichujio cha mkaa kwa ajili ya madoa ya gari, umenunua mwavuli wa kuzuia joto la usiku. Ile mashine ya chumvi inayolainisha maji nayo huondoa chokaa na kuweka sodiamu mahali pake. Madoa yatabaki, ingawa yatafutika kwa urahisi zaidi.

Vinavyofanya kazi hiyo hasa ni viwili. Cha kwanza ni utando mwembamba sana ambao maji husukumwa kwa nguvu yakapita, madini yakabaki nyuma. Viwanda vingi vya maji ya chupa vinautumia. Cha pili ni mtungi wa punje za rezini zinazonasa madini yote mpaka zishibe. Zikishiba hazina faida tena. Kuzirudishia uwezo kunahitaji tindikali na magadi makali, na hiyo siyo kazi ya kufanyia chini ya mwembe. Upo pia mtambo mdogo wa kupimia, unaopitisha umeme katika maji na kukuonyesha kiasi cha madini kwa lita. Muuzaji asiyekubali kuupima mbele yako, mwage.

Lakini ule utando una gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Kwa kila lita 1 safi, mashine ndogo inaweza kumwaga lita 3 zilizobeba madini. Gari moja likisuuzwa kwa lita 20 safi, lita 60 zimekwenda. Magari 10 kwa siku ni lita 600, yaani mapipa matatu. Mwenye kituo Dar es Salaam au Mwanza ana dawa ya jambo hilo: maji yanayokataliwa ayakinge, aoshee tope na magurudumu, yale safi ayaweke kwa kusuuza mwisho tu. Asipofanya hivyo, ni heri madoa.

Nasema hivyo nikikumbuka Katavi. Katika kiangazi mto Katuma hupungua hadi viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakabanana kwenye vidimbwi vya matope, mgongo kwa mgongo. Katika nchi ya namna hiyo siwezi kumshauri mtu amwage mapipa matatu kwa ajili ya urembo wa boneti. Wala asiende kuoshea mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kuulinda ukingo wa mto, na oili ya gari haina simile na samaki.

Hata hivyo Kabungu wanao mtambo wa kusafisha maji, na unafanya kazi kila mwaka kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua ni maji yaliyopaa yakaacha madini yake chini, jamaa wa karibu wa yale maji ya betri ambayo dereva hathubutu kuyabadilisha na ya bomba. Bati la nyumba ya mita 8 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 20, linakinga lita zipatazo 800, ukiondoa zinazopotea. Mtu atauliza: mbona gari likinyeshewa hubaki na madoa? Hubaki, kwa sababu tone limeangukia vumbi. Osha kwanza kwa maji ya kisima na sabuni, kivulini, kisha ndoo ya mwisho ndiyo iwe ya mvua. Maji ya dakika za kwanza yaache yapite. Yameosha vumbi la bati na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe, mbu wasikae.

Kunyunyizia, pampu ya mgongoni inafaa sana, ila iwe mpya. Ile iliyokwenda kwenye tumbaku au pamba imebeba dawa, isikaribie mikono ya kijana wala kitasa cha gari.

Na kiangazi, pipa likiwa tupu? Kitambaa. Gari lifutwe kabla ya jua kulikausha, kwa kitambaa kisafi kisicho na mchanga, maana mchanga hukwaruza rangi. Doa la chokaa lililokwisha kukauka huyeyuka kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha lisuuzwe upesi. Hiyo ni kazi ya ziada, na kazi ya ziada ina malipo ya ziada. Anayetaka gari lisilo na doa amlipe mwosha gari bei ya ndoo ya mwisho na kufuta, wakubaliane kabla sabuni haijaguswa.

Kuhusu pipa la mvua natabiri ugomvi mwingine, wa nyumbani. Maharage hayaivi upesi katika maji magumu, na nguo hula sabuni. Mama mwenye nyumba akishagundua kwamba pipa la mvua lina maji laini, mwosha magari itabidi asubiri zamu yake, au anunue pipa lake.