Siku Tatu Baada ya Kikombe cha Mwisho: Uraibu wa Pombe na Tiba Yake katika Ukanda wa Dhahabu



Tanzania inapozungumzia tiba ya uraibu, mawazo huenda moja kwa moja kwenye methadoni. Ni haki yake. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kuwapa waraibu wa heroini dozi yao ya kila siku, huduma hiyo imefika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na Mwanza, na watu waliokwisha kukatiwa tamaa wamerudi kazini na kwa watoto wao. Lakini methadoni haimtibu mraibu wa pombe, na huku kwetu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, kuanzia kwenye maduara (mashimo ya kuchimbia) hadi kwenye makarasha (mashine za kusagia mawe), gongo na pombe kali za dukani ndizo zinazotumaliza. Wengi wetu tunajua madhara ya kunywa. Leo nazungumzia hatari ya kuacha ghafla.

Ubongo una kemikali iitwayo gaba, inayotuliza seli, na nyingine iitwayo glutameti, inayozichangamsha. Pombe huipa nguvu gaba na kuizuia glutameti. Ndiyo maana mnywaji hulegea na kusahau. Akinywa kila siku kwa miezi, ubongo hujitetea: vipokezi vya gaba hupungua usikivu, vya glutameti huongezeka. Sasa ubongo unasukumana na pombe, kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa na mwenzake kwa upande wa pili. Pombe ikiondoka ghafla, uchangamfu ule wote unabaki bila kizuizi. Muda wa saa 6 hadi 8 baada ya kikombe cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, huona wadudu na watu wasiokuwepo, joto la mwili hupanda, na wapo wanaokufa. Mtu anayezimua alfajiri kabla ya kushuka shimoni anatibu mtetemeko huo kwa dawa pekee anayoijua. Kumwita mvivu asiye na haya ni kutoelewa mwili wake.

Zamani madaktari walidhani hali hii inaletwa na njaa ya walevi. Mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Kentucky, walichapisha jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa. Waliwanywesha pombe wanaume 10 waliowahi kuwa waraibu wa mofini, wakiwalisha vizuri na kuwapa vitamini, kisha wakaikata. Kati ya 6 waliokunywa kwa siku 48 au zaidi, 2 walipata degedege na 3 walichanganyikiwa kabisa. Chakula kilikuwepo, kilichokosekana ni pombe.

Hapa kwetu jambo linazidi kuwa gumu, kwa kuwa mkono wa mchimbaji una sababu nyingine ya kutetemeka. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki walikwenda Rwamgasa, wakawapima wachimbaji na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro. Walioonekana kuathirika zaidi ni wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki na kuvuta moshi wake. Mtetemeko wa zebaki hukaa majuma na miezi, hauhesabu saa tangu kunywa. Wa kuacha pombe huja upesi na hutulia kwa diazepamu. Ongezeni malaria kali, ambayo nayo huleta homa, degedege na maneno yasiyoeleweka, mtaona kwa nini mnywaji aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, akichanganyikiwa siku ya tatu, hupimwa malaria tu, hufungwa kamba kitandani, au hupelekwa kwa mganga, na hakuna aliyemuuliza alikunywa lini mara ya mwisho. Malaria ipimwe, na sukari pia. Swali hilo nalo liulizwe.

Dawa za siku hizo za kwanza za kuacha pombe si za ajabu. Diazepamu hufanya kazi kwenye kipokezi kilekile cha gaba. Hutolewa kwa dozi ya kutosha, kisha hupunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi, kamwe si pamoja na pombe, maana viwili hivyo huzima pumzi. Thiamini, yaani vitamini B1, ichomwe kabla ya dripu ya glukosi, kwa kuwa ubongo uliokosa thiamini ukipewa sukari kwanza unaweza kuharibika usirudi.

Baada ya hapo ndipo kazi ndefu ya kutorudia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha ya dawa muhimu kwa uraibu wa pombe. Ya kwanza hupunguza raha ya kunywa, ya pili husaidia ubongo kutulia bila pombe. Disulfiramu, ambayo athari yake kwa mnywaji iligunduliwa Denmark miaka ya 1940, humfanya anayekunywa augue vibaya. Dada zangu, nawasihi: msimwekee mume dawa ya kuacha pombe kwenye uji bila yeye kujua. Akinywa juu yake, shinikizo la damu linaweza kuporomoka akafia mikononi mwenu.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo, tarehe 1 Machi 2017, ilifanya jema, hasa kwa vijana. Lakini kuondoa pakiti dukani hakurudishi vipokezi mahali pake. Naomba halmashauri za Geita, Kahama na Msalala zihakikishe diazepamu na thiamini hazikosekani katika vituo vya afya vilivyo jirani na machimbo. Naomba polisi wanaomweka mahabusu mtu aliyekamatwa na gongo wajue kwamba akianza kutetemeka na kuona visivyokuwepo, anapelekwa hospitali usiku huohuo.