Saini Mezani, Fedha Hazina: Mikataba ya Wahadhiri wa Vyuo Vikuu vya Umma



Tumeombwa tuseme juu ya mapatano ya mishahara baina ya wahadhiri na vyuo vikuu vya umma. Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza habari hii inawahusu nini, wao ambao walikesha na kuandamana kwa ajili ya haki ya kila Mkenya kusema na kuchagua, wala si kwa ajili ya marupurupu ya wasomi. Tunaomba mtusikilize kwa subira. Kwa maoni yetu, ni mahali pachache ambapo mageuzi ya nchi hii yanaweza kupimwa kwa usahihi kama katika safari ya chama cha wahadhiri, kwa kuwa pale tunaona waziwazi tulichopata na tusichopata.

Tuanze na kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya sabini wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa na chama chao, na katibu mkuu wake alikuwa Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria. Chama hicho hakikudai mishahara peke yake. Kilidai pia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini pasipo kufikishwa mahakamani tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, arudishiwe kazi yake ya kufundisha. Mwaka 1980 serikali ilikipiga chama marufuku, na mwaka 1982 Mutunga mwenyewe akatiwa kizuizini. (Mwaka 2011 mtu huyo huyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu. Historia nayo ina mzaha wake.)

Desemba 1991 sehemu ya 2A ya Katiba ya zamani ilifutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa. Wahadhiri wakaichukua serikali kwa neno lake. Ikiwa raia anaruhusiwa kuwa na chama cha siasa, walisema, mwalimu wa chuo kikuu atakatazwaje kuwa na chama cha wafanyakazi? Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinne wakati huo: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Walimu wake waliomba kusajili chama kipya, UASU. Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi akakataa. Novemba 1993 wakaweka chaki chini, na mgomo ule ukaendelea kwa miezi mingi, hadi ndani ya 1994. Mishahara ilisimamishwa. Familia zilitolewa katika nyumba za chuo. Viongozi walifukuzwa kazi, miongoni mwao mwenyekiti Korwa Adar na katibu mkuu Kilemi Mwiria.

Tunawaomba mlitazame vizuri jambo lililogombewa. Watu wale walikaa bila mshahara kwa sababu ya cheti cha usajili. Hawakuwa wamefika hata mahali pa kubishana kuhusu shilingi. Sheria ilikuwa hivi: chama kisichosajiliwa hakiwezi kutambuliwa na mwajiri, na kisipotambuliwa hakiwezi kujadiliana naye. Ndiyo maana serikali ya chama kimoja, hata ilipokubali vyama vingi kwa mdomo, iliushikilia mlango ule mdogo wa ofisi ya msajili kwa nguvu zote. Ilifahamu kwamba mwenye kujadiliana ni mtu mzima mbele ya mwajiri wake, na mwenye kuomba ni mtoto.

UASU ilisajiliwa mwaka 2003, baada ya KANU kuondoka madarakani mwishoni mwa 2002. Ilichukua miaka kumi tangu mgomo ule kuanza. Kilemi Mwiria alikuwa sasa mbunge na Waziri Msaidizi wa Elimu, yaani amehamia upande wa pili wa meza aliyoipigania. Hatumlaumu, mageuzi huwaweka watu katika viti vigeni. Tunalitaja kwa sababu wengi wetu tulidhani kwamba marafiki zetu wakishaingia serikalini, mambo mengine yatajipanga yenyewe.

Sheria nayo ilibadilika, na sisi mawakili hatuna budi kukiri kwamba ilibadilika vizuri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama ambacho wengi wa wafanyakazi wanaostahili uanachama wamejiunga nacho. Inamlazimu pia kukipa chama habari zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya kweli. Sehemu ya 59 inasema kwamba masharti ya mkataba wa pamoja huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, hata yule ambaye hajui umeandikwa nini. Mkataba ukisajiliwa mahakamani, unakuwa na nguvu ya kutekelezwa. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na Kifungu cha 41 kikaifanya haki ya kujadiliana kwa pamoja kuwa haki ya kikatiba. Walichofutiwa kazi Adar na Mwiria sasa kimo katika sura ya haki za binadamu, kando ya uhuru wa kuabudu.

Kwa hiyo mlango ulifunguliwa. Mbona basi migomo haikukoma?

Jibu linahitaji tuseme kidogo jinsi mazungumzo haya yanavyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini. Kisheria mwajiri wa mhadhiri ni baraza la chuo chake. Mabaraza ya vyuo vya umma hujadiliana kwa pamoja kupitia jukwaa lao lililo chini ya Shirikisho la Waajiri. UASU hupeleka mapendekezo: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, nauli, matibabu, muda wa mkataba. Waajiri wanapaswa kujibu kwa mapendekezo yao. Zaidi ya hayo kila chuo kina mazungumzo yake ya ndani na tawi la chama. Hadi hapo meza ina pande mbili, kama meza yoyote.

Lakini baraza la chuo halina fedha za kulipa. Sehemu kubwa ya fedha hutoka Hazina ya Kitaifa kupitia bajeti ya wizara. Isitoshe, tangu 2010 ipo Tume ya Kuratibu Mishahara, ambayo Kifungu cha 230 cha Katiba kimeipa kazi ya kuishauri serikali juu ya mishahara ya watumishi wa umma. Walimu wa shule walijifunza uzito wa ushauri huo mwaka 2015. Mahakama ya kazi iliwapa nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikaifuta, na nafasi ya Tume ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua kesi. Basi anayetia saini si anayelipa, na anayekadiria si anayetia saini. Mhadhiri anapouliza fedha zake ziko wapi, baraza linamwelekeza kwa wizara, wizara inamwelekeza Hazina, na Hazina inauliza kama Tume ilishauri. Kila mmoja ana hoja ya kisheria. Kwa hesabu ya familia inayongoja karo, hoja zote nne zina thamani sawa na sufuri.

Tutoe ushahidi. Mkataba wa 2013 hadi 2017 ulitiwa saini Machi 2017, baada ya mgomo ulioanza Januari. Yaani saini ilipatikana muda wa mkataba ukikaribia kwisha. Kiasi kilichokubaliwa kilikuwa shilingi bilioni 10 kwa wafanyakazi wa vyuo vya umma. Kabla mwaka huo haujaisha wahadhiri walikuwa wamerudi barabarani, wakidai fedha za mkataba uleule. Mwaka 2018 waligoma tena kwa zaidi ya miezi miwili kuhusu mkataba wa 2017 hadi 2021, na dai lao kubwa halikuwa kulipwa. Walitaka waajiri walete tu jibu kwa mapendekezo ya chama! Miaka ishirini na mitano baada ya mgomo wa kutafuta cheti, ukaja mgomo wa kutafuta jibu.

Deni la mkataba huo wa 2017 hadi 2021 ndilo lililozaa mgomo wa Septemba 2025. Wahadhiri walisema wanadai shilingi bilioni 7.9. Upande wa serikali ulikuwa umesema kilichobaki ni kama milioni 624. Pande mbili zimesoma karatasi moja, lakini hesabu ya mmoja imezidi ya mwenzake zaidi ya mara 12. Baada ya siku 49, tarehe 5 Novemba 2025, ilikubaliwa kwamba bilioni 7.9 zitalipwa kwa awamu mbili, ya pili ikiwekwa Julai 2026. Tunaomba mlitafakari hilo. Kama bilioni 7.9 ndiyo hesabu iliyokubaliwa mwishoni, kwa nini haikukubaliwa kabla ya siku 49 za masomo kupotea?

Twajua kinachosemwa makanisani Jumapili baada ya Jumapili, kwamba wahadhiri wanawatesa watoto wetu. Wazazi wameuza mbuzi na shamba. Mwanafunzi aliyetakiwa kumaliza kwa miaka minne anamaliza kwa mitano. Uchungu huo ni wa haki, na hatutaki mtu auzime kwa maneno matamu. Tunasema tu kwamba umeelekezwa kwa mtu asiyestahili kuubeba peke yake. Sheria inamtaka mfanyakazi apitie usuluhishi, kisha atoe notisi ya siku saba kabla ya kugoma. Haimtaki mwajiri kutoa notisi yoyote kabla ya kuuvunja mkataba alioutia saini. Torati ilimwamuru mwenye shamba amlipe kibarua wake kabla jua halijatua, na Papa Leo wa 13 aliandika waraka mzima mwaka 1891 juu ya wafanyakazi na haki yao ya kuungana. Kanisa basi halihitaji kuazima maneno ya wanasiasa ili kuuliza mshahara uko wapi.

Nao wahadhiri tuwaambie ukweli, kwa kuwa ni ndugu zetu. Chama chao kimesema kidogo mno juu ya walimu wa muda, wale wanaofundisha madarasa mengi kwa malipo ya kila kozi, na ambao husubiri malipo hayo hadi wanafunzi waliowafundisha wamekwisha kuhitimu. Mkataba wa pamoja unapita juu ya vichwa vyao. Na wapo wanachama wanaogoma asubuhi katika chuo cha umma na kufundisha jioni katika chuo cha binafsi. Tabia hiyo inaharibu heshima ya mgomo kuliko hotuba ya waziri yeyote.

Sasa tufikie jambo la kufanya, maana hatukuja hapa kulalama. Tunaona dosari haimo katika Kifungu cha 41. Imo katika meza yenyewe. Mwenye mfuko lazima aketi mezani tangu siku ya kwanza, na saini ya Hazina iwe kwenye ukurasa ule ule wenye saini ya baraza na ya chama. Ushauri wa Tume upatikane kabla ya saini, si baada yake. Jedwali la hesabu, likionyesha idadi ya watu katika kila daraja na gharama ya kila mwaka, liambatishwe na mkataba, ili pasiwe tena na bilioni 7.9 za huyu na milioni 624 za yule. Mkataba upelekwe kusajiliwa mahakamani ndani ya siku 14 kama sheria inavyoagiza. Na uwe na riba ya kuchelewesha malipo. Riba ndiyo lugha ambayo Hazina huielewa haraka, kwa kuwa husemeshwa kwayo na benki kila siku. Mazungumzo ya mkataba mpya nayo yaanze kabla wa zamani haujakwisha. Kwa mkataba wa 2021 hadi 2025 wahadhiri walikuwa bado wanagoma mwishoni mwa 2024, zaidi ya robo tatu ya muda wake ikiwa imekwisha pita.

Hayo ni ya chama na mawakili wake. Ya kwenu ni haya. Kifungu cha 221 cha Katiba kinamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio ya matumizi bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, maana yake kufikia mwisho wa Aprili. Kamati ya bunge inalazimika kupokea maoni ya wananchi juu ya makadirio hayo, na maoni hayo yakizingatiwa katika mapendekezo yake. Ni dirisha dogo, la wiki chache, na makanisa yetu hulipita likiwa wazi. Parokia yenye wanafunzi hamsini katika vyuo vya umma inaweza kuandika ukurasa mmoja. Uulize: katika fungu la Elimu ya Juu, fedha za mkataba wa wahadhiri zimeandikwa katika mstari upi, kiasi gani, na ni za mkataba wa mwaka gani? Jibu likiwa hakuna mstari, basi mgomo unaofuata umekwisha kuandikwa katika bajeti, na mbunge wenu aambiwe hivyo mbele ya waumini mwezi wa Mei, badala ya kuja kuwapa pole mwezi wa Oktoba. Ukurasa huo usainiwe na wazazi, utajwe jina la kila chuo, na nakala moja ibaki ofisini mwa kanisa ikiwa na tarehe na mhuri wa kupokelewa.