Tairi Lipungualo Upepo Polepole
(Maneno ya hotuba kwa waendeshaji pikipiki wa Kithimani)



Tairi lipasukalo ghafula humsimamisha mwenye pikipiki papo hapo, naye hana budi kulitengeneza. Lakini tairi lipunguzalo upepo polepole humdanganya. Jioni huliacha limejaa. Asubuhi hulikuta limelegea. Hulitia pampu, akaenda zake. Hivyo hupita siku nyingi, hata usiku mmoja, katika barabara kuu ya Thika na Garissa, akiwa amempakia mgonjwa kwenda hospitali ya Matuu, pikipiki huanza kuyumba. Saa hiyo pampu iliyoachwa nyumbani haimfai kitu. Maana kichukuacho mzigo si mpira, bali ni upepo uliomo ndani yake.

Kwanza, na ijulikane kama tairi lavuja kweli. Huku Yatta mchana ni joto na alfajiri ni baridi. Tairi lenye ratili 30 kwa inchi ya mraba, likipoa digrii 10 za Sentigredi, hupungua ratili 1 na nusu hivi bila ya tundu lo lote. Kwa hiyo yafaa lipimwe alfajiri mbili mfululizo, saa ile ile, kabla ya safari. Likiwa limepungua sana, basi linavuja.

Pili, ianzwe kazi iliyo nyepesi. Kifuniko cha valvu kiondolewe, na povu la sabuni lipakwe mdomoni mwake. Povu likifura, kasoro ni ya valvu. Huenda kiini chake kimelegea au kimeingiwa na vumbi. Wengi wamefungua tairi zima kwa ajili ya kasoro hii ndogo.

Tatu, valvu ikiwa nzima, tairi litiwe alama ya chaki mkabala wa valvu, ndipo tyubu itolewe, ijazwe kiasi, na kuzamishwa katika karai la maji kidogo kidogo. Hapa pahitaji subira. Mapovu yaliyonata juu ya mpira yafutwe kwa kidole. Povu la tundu la kweli litarudi mahali pale pale.

Tundu likiisha kuonekana, wengi hubandika kiraka wakadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo wakoseapo. Tundu ni jeraha tu. Aliyejeruhi hajaonekana bado. Kikulacho ki nguoni mwako. Tyubu na ilazwe kando ya tairi, valvu ikielekea ile alama ya chaki, nalo tundu litaonyesha mahali pa kutafuta. Likiwa upande wa nje, mwiba wa mgunga au msumari huenda ungali umo katika tairi. Ndani yake papanguswe kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu, nacho kitambaa kitanasa. Likiwa upande wa rimu, ncha ya spoki au kutu ndiyo itobowayo. Yakiwa matundu mawili yaliyo jirani, tyubu ilibanwa na rimu juu ya jiwe kwa sababu ya upungufu wa upepo, au ilibanwa na vyuma vya kufungulia.

Adui akiisha kuondolewa, ndipo kiraka kifuate. Mpira ukaushwe, usuguliwe kwa msasa, upakwe gundi, na gundi iachwe mpaka isiwe majimaji tena. Kisha kiraka kigandamizwe kwa nguvu. Tyubu irudishwe majini mara moja zaidi kabla ya kufungwa.

Kazi hii yataka karai la maji, kipande cha chaki na uvumilivu. Abiria aketiye nyuma halioni tairi, wala hajui kwamba asubuhi lilikuwa limelegea. Yeye amemwamini mwendeshaji. Na mwendeshaji ndiye ajuaye kama ameutafuta ule mwiba, ama ameuongezea upepo tu.